Pampu Nyepesi kwa Maji ya Mchanga

Wiki hiyo yote sikutulia. Nikikaa nasimama, nikisimama naenda stoo kuiangalia ile pampu, narudi kaunta nimesahau mteja alitaka nini. Nauza spea za pampu na mabomba hapa Kitale, kwa duka la madam mmoja aliyenichukua nikiwa sijui hata saizi za spana. Shule niliishia darasa la nane. Mengine nimeokota kwa masikio na kwa mikono. Kwa hivyo mtu akiniuliza, "Hii itafaa?" mimi hujibu polepole, na nikishajibu naanza kujiuliza kama nimempoteza.

Safari hii aliyeuliza ni dada yangu mkubwa.

Dada analima vitunguu Bokoli, shamba linaloshuka mpaka mtoni. Injini yake ya dizeli imefungwa kwa zege pale ukingoni, mwizi hawezi kuing'oa. Lakini pampu yenyewe, ile inayovuta maji, ikilala mtoni asubuhi huikuti. Wanunuzi wa vyuma chakavu hawaulizi kitu kimetoka wapi. Basi kila jioni inafunguliwa, inabebwa mpaka nyumbani, na kukicha inarudishwa. Ganda lake ni la chuma kinene, na kuibeba kunataka watu wawili. Zamani ilikuwa yeye na shemeji. Tangu shemeji aumie mgongo, imekuwa yeye na jirani yeyote atakayepatikana, na jirani akichelewa, maji nayo yanachelewa. Kilikuwa kiangazi. Vitunguu vilikuwa vinaanza kufunga vichwa, na majani yalikuwa yanalala kabla ya wakati wake.

Sasa, madam alikuwa amenunua pampu iliyotoka kwa kiwanda kilichofungwa. Aliyeileta alisema ganda lake ni la titaniamu iliyochanganywa na madini mengine, na kwamba huko kiwandani ilisukuma dawa kali ya kung'arisha kwa miaka, dawa ambayo chuma cha kawaida ingekila kama sukari. Sikumbishia. Niliweka sumaku, haikushika. Niliigusisha na grainda, cheche zikatoka nyeupe kabisa. Mtu huyo hakudanganya, na nataka hilo lijulikane kabla sijasema mengine.

Dada alikuja Kitale kununua dawa ya ukungu, akaiona, akainama, akaiinua. Akabaki nayo mikononi, akaniangalia kama mtu aliyeshikishwa mtoto.

"Hii nabeba peke yangu," akasema. "Peke yangu, unasikia? Madam, niwekee hii."

"Ngoja kwanza niichunguze," nikasema.

"Unachunguza nini? Si umesema haishiki kutu?"

Ni kweli nilikuwa nimesema. Na kwetu hiyo inatosha. Mabati yetu huuawa na kutu, majembe pia, baiskeli pia. Ukisikia kuna chuma kisichoshika kutu unaona ni kama kimeshinda kila kitu. Mimi mwenyewe niliona hivyo mpaka nikafikiria maji ya dada. Hayana dawa kali. Yana mchanga. Wakati wa kiangazi mto unapungua, bomba linavuta kutoka chini kabisa, na kinachoingia kwa pampu ni kama uji wa mchanga.

Nilimpigia simu fundi wa Bungoma mjini. Ganda la chuma likitobolewa na mchanga, yeye hulijaza kwa kulehemu, analipiga msasa, linarudi kazini.

"Titaniamu? Hapana bana, mimi siguzi hiyo," akasema. "Ukiichomea hapa nje kwa hewa inavunjika kama biskuti. Inataka gesi yake maalumu. Nitaharibu kitu cha dada yako halafu tuchukiane bure."

Nikakumbuka kwamba huyu anakula kwa kuziba zile za chuma, huenda ndiyo sababu. Halafu nikakumbuka angeweza kukubali, akaiharibu, akalipwa, na hakufanya hivyo. Nikabaki katikati.

Basi nikatafuta njia yangu. Karibu na duka walikuwa wanajenga, na walikuwa na mashine ya kuchanganya zege. Nilikata kipande kidogo kwa sikio la ile pampu, pale pasipo na kazi. Nikachukua kipande cha ganda la pampu ya kuvuta matope, la kile chuma kigumu kama cha pampu ya dada, ambacho tupa haikikwaruzi. Nikavinoa kona vyote viwili vikawa vikali sawa, nikavitia kwa mkebe wa rangi pamoja na maji na mchanga wa mto, nikafunika, nikaomba wanifungie mkebe kwa lile pipa linalozunguka.

"Niaje msee, unapika nini humo?" mmoja wao akaniuliza.

"Vyuma."

"Vikiiva utuite. Lakini ugali ni wako."

Jioni walinifungulia. Kipande cha titaniamu kilitoka kizuri, kinang'aa, na kona zake zimekuwa mviringo kama sabuni iliyotumika. Kile chuma kigumu kilitoka kibaya, cheusi, na kona bado inakata kidole. Nilivishika huku na huku. Pengine kimoja kilikuwa kimekaa vibaya ndani ya mkebe. Pengine mchanga wa mkebe si sawa na mchanga wa pampu. Sikuwa na mizani ya kupima vitu vidogo hivyo, nilikuwa na vidole tu. Lakini vidole vilisema jambo moja kila mara.

Jumapili nilienda Bokoli kumwambia. Nilimkuta anaosha sufuria, shemeji amekaa kwa kiti kizingitini, mto wa kulalia umewekwa mgongoni mwake.

"Itatoboka," nikasema.

"Lini?"

"Sijui."

"Mwaka huu?"

"Sijui, dada. Najua itatangulia ile ya chuma. Na ikitoboka, hapa hakuna wa kuiziba."

Akaendelea kusugua. "Umepima vyuma kwa mkebe. Mimi umenipima na nini?"

Shemeji akacheka, akashika mgongo. "Hapo umepatikana, shemeji. Kaa chini."

Sikukaa. Jioni hiyo jirani hakuja, kwa hivyo nilibeba pampu ya chuma na dada kutoka mtoni. Mimi mwanamume, na katikati ya kilima nilitaka kuomba tupumzike, nikaona haya. Yeye hakuwa anahema. Alikuwa anahesabu mawe ya njia kwa macho, lile la kukanyaga na lile la kukwepa. Ndipo nikaona kwamba nilikuwa nimejibu swali la mchanga tu. Kama pampu inafaa, inamfaa nani? Nililala vibaya, nikigeuka kitandani.

Asubuhi dada alienda kuteka maji ya kunywa. Sisi tangu utoto hatuyateki mtoni moja kwa moja. Unachimba shimo kwa mchanga, hatua chache kutoka ukingoni, unangoja, maji yanachuja yenyewe yanatokea safi. Nilimtazama akichota na kikombe, akimimina kwa mtungi polepole. Nikasimama hapo mpaka akaniuliza kama nimeona nyoka.

"Dada, ati sisi tunakunywa hapa, na pampu tunainywesha pale?"

Akatazama shimo, akatazama bomba. "Na wewe ndiyo unaona leo?"

"Na wewe?"

Alienda kuleta jembe.

Tulichimba shimo kubwa, tukazamisha pipa lililotobolewa pande zote, tukalizungushia kokoto, tukaingiza bomba la pampu humo. Madam alikubali tuichukue ile nyepesi na tumwachie ya chuma, na alipoisikia habari ya mkebe hakunikemea, alisema tu nisirudie kukata bidhaa bila ruhusa. Nisiseme kila kitu kilikuwa sawa. Shimo linakauka haraka, inabidi injini izimwe lingoje kujaa, na umwagiliaji unakula siku nzima. Lakini dada alikuwa anaanza anapotaka yeye, hangojei jirani.

Kila nikienda huko nafungua ganda na kupitisha ukucha ndani. Dada hukasirika, ati naikagua kama daktari anayetaka mgonjwa afe. Mara ya mwisho vitunguu vilikuwa vimeng'olewa, vimetandazwa kwa uwanja, vyekundu, vikubwa kuliko nilivyotarajia. Jioni tulishuka mtoni, nikapitisha ukucha, na pale maji yanapopiga kona ukakwama kidogo. Kuna mfereji. Mwembamba, lakini hapo awali haukuwepo.

Nilitaka kunyamaza. Sikuweza.

"Imeanza," nikamwambia.

"Nimeuliza?"

"Hujauliza."

Akaipandisha pampu begani, akaishika kwa mkono mmoja, na mkono wa pili akachukua sandali zake. "Basi nitaibeba mpaka ikatae," akasema, akaanza kupanda kilima. Nikamfuata na bomba, nikijaribu kumfikia.