Maegesho ya Joackim

Mimi ni dalali wa nyumba hapa Makambako. Wapangaji wasumbufu nimewaona, lakini Joackim alinitoa jasho kwenye baridi. Alikuja na pikapu nyeupe kuukuu, akasema anatafuta chumba na sebule. "Ila cha muhimu, kaka Hezekia, ni maegesho."

Nikampeleka kwenye ua wenye ukuta na geti, ulio tambarare hadi mlangoni. Akakunja uso. Nyumba saba nilimwonyesha, nyingine hata lori lingegeuka uani, zote akazikataa. Ya nane tuliipita tu njiani, kwa Mama Elius, mjane anayekaa karibu na reli. Dirisha halifungi, na ua umeinama kama paa. Joackim akatabasamu, akahamia siku ileile.

Mama Elius alipomuuliza kwa nini anapenda kuegesha mlimani, alijibu bila aibu, "Mama, sisi wa Ludewa tumezoea milima. Nikikaa tambarare napata kizunguzungu."

Ukweli niliuona kwa macho yangu wiki iliyofuata. Stata ya pikapu ilikuwa imekufa. Kila alfajiri Joackim aliondoa jiwe kwenye tairi, gari likateremka, akatia gia, likawaka, akapeleka mikate Njombe. Mwenye mikate alikuwa ameshamwonya: akichelewa tena hata mara moja, kazi anapewa mwingine. Sikumwambia mtu. Lakini zile nyumba saba zilikuwa bado zinaniuma.

Jiwe lile lilimnyima Mama Elius usingizi, aliogopa gari litateleza liue mtu. Isitoshe, Joackim alikuwa amembebea mahindi kutoka shambani bila kuombwa. Basi Joackim alipopewa ruhusa ya siku mbili, akaenda kwao kwa basi, mama akaita majirani, kama tunavyofanya huku mtu akiwa na kazi kubwa. Jumamosi asubuhi tulifika na majembe, yeye akapika makande. Tukasogeza pikapu, tukachimba juu, tukajaza chini hadi ua ukawa sawa, tukairudisha pikapu katikati. Mimi nilijua tunachokiharibu, na nilichimba kuliko wote.

Joackim alirudi saa kumi jioni. Alipoona ua, begi lilimtoka mkononi.

"Karibu, mwanangu," Mama Elius alisema kwa furaha. "Hebu washa, uzunguke tuone."

Akaingia, akazungusha ufunguo. Kimya. Akazungusha tena. Majirani wote walikuwa wanamtazama. Nilipomwona ameinamia usukani, hamu ya kucheka iliniisha, nikaona aibu.

"Mama, nilikudanganya," alisema. "Gari haliwaki bila mteremko. Na kesho alfajiri nisipofikisha mikate, sina kazi."

Mama Elius akanigeukia. "Na wewe Hezekia, asubuhi ulikuwa unacheka peke yako. Ulijua?"

Nikajifanya nakung'uta udongo kwenye viatu.

"Kesho ni ibada, hakuna atakayechimba," akasema. "Wala hatuwezi kuamka kukusukuma kila siku. Majembe yako wapi?"

Majirani walicheka hadi wakashika magoti, wakayafuata majembe. Sepetu kubwa kuliko zote nilipewa mimi. Jembe lake mwenyewe Mama Elius akampa Joackim.

"Anza wewe, mwanangu, udongo bado laini," alisema. "Fanya haraka, kabla hujapata kizunguzungu."