Kidole Kilichoruka Neno

Asubuhi ile ya kijijini kwetu Gitambi hainitoki kichwani, mwanangu. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na saba. Mwaka ulikuwa haujaisha tangu turudi kutoka Bukavu, Kongo, na kwa kuwa huko nilisoma Kifaransa, jirani yeyote aliyepata karatasi alikuja nayo kwetu. Nilivimba kichwa, sikufichi.

Siku hiyo alikuja Maman Dative, jirani yetu wa upande wa chini, mama wa watoto wanne. Alishika mfuko wa mbegu za mahindi. Alikuwa amemaliza kupanda, mbegu kidogo zimebaki, na jikoni kwake hapakuwa na kitu. Mbegu zenyewe zilikuwa na rangi ya waridi, na rangi hiyo ilimtia wasiwasi.

“Unisomee, mutoto yangu,” aliniambia. “Naweza kuziosha nipikie batoto?”

Nikapitisha kidole juu ya maandishi ya Kifaransa ya mfuko. Kupanda, nafasi, mvua, yote niliyajua. Kisha nikakutana na neno moja refu ambalo sikuwahi kuliona. Ningesemaje kwamba silijui, mimi msomaji wa kilima kizima? Nikaliruka, na yaliyofuata nikayapitia mbiombio bila kuyatia akilini.

“Ni mahindi tu,” nikamwambia. “Osha muzuri, upike.”

Akamimina mbegu kwenye kitenge chake, akaniachia mfuko mtupu, akaondoka akinishukuru.

Papa, baba yangu, alikuwa mlangoni anachonga mpini wa jembe. Hakujua kusoma hata jina lake, lakini macho yake hayakupitwa na kitu.

“Kidole yako iliruka fasi moja,” alisema. “Kuko nini pale?”

“Neno moja tu, Papa. Siijue.”

“Na yenye iko pembeni yake, unaijua?”

Nikauokota mfuko, safari hii nikasoma polepole. Vaa glavu. Nawa mikono. Weka mbali na watoto na kuku.

“Mahindi ya kula,” Papa akauliza, “kwa nini baiweke mbali na batoto?”

Nilishuka mbio bila viatu. Nyumba ya Maman Dative haikuwa mbali, lakini asubuhi ile niliona kama haifikiki. Njia nzima nilikuwa nawaza: sasa ameosha, sasa amewasha moto, sasa yule mdogo ameshatia mkono kwenye sufuria. Niliogopa, mwanangu, kuliko nilivyowahi kuogopa. Moshi ulikuwa umeshaanza kutoka jikoni.

“Usibape!” nilipiga kelele. “Iko sumu!”

Maji yalikuwa yanachemka, yamegeuka waridi. Watoto wote wanne walikuwa wamekaa na sahani zao. Nikamweleza kwamba kulikuwa na neno sikulijua, nikaliruka. Maman Dative hakunigombeza. Aliipua sufuria, akachimba shimo nyuma ya nyumba, akafukia kila kitu. Kisha akanitazama.

“Ungesema tu haujue,” alisema. “Ningeuliza mwingine.”

Baadaye tuliambiwa kwamba neno lile lilikuwa na maana ya mbegu zilizopakwa dawa ya wadudu. Siku hiyo watoto wake walikula kwetu.

Basi mwanangu, ukikutana na neno geni, simama. Soma yaliyo kabla yake na yaliyo baada yake, tazama hata picha kama ipo, ujiulize jambo gani linazungumzwa. Kisia, halafu urudie sentensi nzima uone kama kisio lako linakaa. Lisipokaa, uliza. Na kama kuna mtu anayesubiri jibu lako ili ale, anywe au atie sahihi, usimpe kisio. Mwambie hujui. Aibu yake inapita kabla chai haijapoa.

Nakuambia haya kwa sababu leo asubuhi, uliponisomea karatasi ya dawa zangu mpya, nilikuwa natazama kidole chako. Kiliruka. Vidonge bado viko mezani, sijavigusa. Ilete tena hiyo karatasi, ukae hapa karibu yangu, tuisome.

Mungu akufungulie macho, mwanangu, na kila atakayekula kwa kusoma kwako, ashibe salama.