Mzee Aliyekaa Nyuma

Ofisi ya familia ile zamani ilikuwa bucha. Mzee aliikodi kwa sababu moja tu: haikuwa na ngazi. Wateja wake walikuwa watu wa magongo, wa viti vya magurudumu, wa plasta kuanzia kifundo cha mguu hadi kiunoni, na alisema wakili wa majeruhi anayepanga ghorofani ama ni mjinga ama hataki kazi. Vigae vyeupe vilibaki ukutani na chuma cha kutundikia nyama kikabaki darini. Mawakili wenzake hawakuchoka kumtania kwamba bado anauza kwa kilo. Mzee alicheka nao, kisha akaenda mahakamani kuwashinda.

Binti yake alikulia humo. Alifanya kazi zake za shule katikati ya watu wenye mikono iliyofungwa shingoni, na alijua kuvusha kiti cha magurudumu kizingitini kabla hajajua kujisuka nywele. Alipokua akawa wakili, na kaka yake vilevile, ikawa ofisi ya baba na wanawe. Kaka mtu alichukua waliokatwa na mashine viwandani, yeye akachukua waliogongwa barabarani. Mzee magoti yalipomchosha aliacha kusimama mbele ya hakimu, lakini kuacha kesi hakuacha. Kila shauri lao lilipotajwa, alikaa benchi la nyuma kabisa na fimbo yake katikati ya miguu.

Kuna kitu kimoja ambacho binti hakukirithi kwa baba yake, alikianzisha mwenyewe. Katika kesi nyingi alikuta mtu aliyeumia kidogo kwenye ajali akaumizwa zaidi na wasamaria wema waliombeba hobelahobela. Basi kila Jumamosi alikwenda kwenye ukumbi wa zahanati akawafundisha huduma ya kwanza makondakta, wauza matunda na mafundi wa pale stendi. Bure. Watu wakamwita Mama Bendeji, na kusema kweli alilipenda jina hilo kuliko cheo cha uwakili. Aliyempa raha kuliko wote ni fundi viatu mmoja, mwanafunzi mwenye maswali mpaka wenzake wakaguna. Huyo alimwita Mwalimu.

Fundi huyo ndiye aliyekuwa ameketi kwenye kibanda chake cha viatu chini ya ukuta wa stendi siku basi la safari lilipokatika breki likauparamia ukuta huohuo. Wengine walitimua mbio. Yeye alichungulia dirishani, akamkuta kinyozi wa mtaa wa pili amebanwa baina ya viti viwili, akamvuta nje. Kinyozi alipona. Miguu yake haikupona.

Kinyozi akaja kwenye ofisi ya vigae vyeupe, na Mama Bendeji akaishtaki kampuni ya mabasi. Kampuni nayo haikulala. Ikamwingiza fundi viatu kwenye kesi, ikadai kwamba basi lilimchubua tu kinyozi, ila aliyemvunja uti wa mgongo ni huyo aliyemburuta kama gunia. Mahakama ikikubali, fundi angebeba miguu ya mwenzake maisha yake yote. Kibanda kingekwenda, nyumba ingekwenda, na kila akipita watu wangemnyooshea kidole. Na pale stendi, nani tena angemgusa majeruhi?

Fundi hakuwa na wakili. Mama Bendeji asingeweza kumtetea, maana alikuwa na mteja wake. Alichokisema fundi tangu mwanzo kilikuwa kimoja: kinyozi mwenyewe alimwomba amtoe, kwa sababu mafuta yalikuwa yanamwagika. Lakini maelezo ya kinyozi yalisema alizimia pale basi lilipogonga, akazindukia hospitali. Mama Bendeji alimwamini mteja wake. Aliumia kwa ajili ya fundi, lakini alidhani hofu imemchanganya.

Asubuhi ya ushahidi walikaa katika chumba kidogo kando ya mahakama, yeye, kinyozi na mke wa kinyozi. Kinyozi alikuwa roho juu kwenye kiti chake cha magurudumu. Alijifuta viganja kwenye suruali, akajifuta tena.

"Nimemwona pale nje amekaa peke yake," alisema. "Nimepita karibu yake, nikaisikia tena ile harufu ya gundi."

"Gundi gani?"

"Ya viatu. Mikono yake, siku ile, aliponishika hapa kwapani..."

Mkewe akainamisha kichwa. Mama Bendeji akaweka kalamu chini.

"Kaka," alisema polepole, "si ulikuwa umezimia?"

Kinyozi alitazama mlango. Kisha yakamtoka yote kwa mkupuo, kama mtu aliyekuwa akiyashikilia kwa meno. Hakuzimia. Aliona mafuta yakitiririka chini ya viti. Alimshika fundi shati akamwambia, usiniache humu, nitoe, nitoe hata kwa kunivuta.

"Sasa kwa nini hukusema?"

"Si Mzee! Siku ile naandikisha maelezo, aliniuliza kama nilikuwa na fahamu. Nikamwambia nadhani. Akaniambia, nadhani si neno la mahakamani, kama huna hakika sema hukumbuki. Nikasema hewala, mwenye kazi yake ni yeye. Tena tulipofanya mazoezi akaniambia nisikumbuke sana."

Mama Bendeji aliyajua mazoezi hayo. Mzee aliwafanyisha wateja wote. Alikaa nyuma ya chumba, mwanawe mmoja akajifanya wakili wa upande wa pili, na mteja akianza kusema kupita kiasi, Mzee alikohoa. Kikohozi kimoja, kikavu. Mteja akajifunza kufunga mdomo. Yeye mwenyewe alipokuwa wakili mchanga alikitegemea kikohozi kile. Kilimwokoa mara nyingi asiulize swali la kijinga.

Akamweleza kinyozi bila kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Akisema ukweli, fundi atapona, lakini kampuni itamgeukia yeye, itasema alijitakia, na huenda fidia ikapungua au ikapotea kabisa.

Mke wa kinyozi aliinua uso. "Mume wangu hasimami, Mama. Namgeuza kitandani mimi. Hebu niambie, wewe ni wakili wetu au wa fundi viatu?"

"Wenu. Ndiyo maana mliyoniambia humu sitamwambia fundi, wala hakimu. Lakini siwezi kumwapisha mumeo aseme hakumbuki, na mimi najua anakumbuka. Akisema hivyo, najitoa kwenye kesi palepale."

"Utatuacha katikati?"

"Nitawaacha."

Alilisema kwa sauti ya kazi. Karani akagonga mlango, akasema wana dakika chache.

Mzee alikuwa anamsubiri binti yake kwenye ukumbi wa nje. Binti alimweleza kwa kunong'ona. Mzee hata uso hakuukunja.

"Hukusikia kitu," alisema.

"Nimesikia."

"Mimi nawapigania watu hawa tangu hujaota meno. Fundi ana miguu miwili, mahakama ikimtoa huku atakwenda kule. Mteja wetu ana nini? Unataka kumpokonya hata hicho kidogo ili ulale vizuri?"

Hilo lilimchoma, kwa sababu halikuwa uongo mtupu. Baba yake hakuwa mtu mbaya. Aliwapenda wateja wake kupita kiasi, kiasi kwamba asiyekuwa mteja hakumwona kabisa. Binti akaingia ndani.

Fundi viatu alikuwa peke yake kwenye meza yake, amevaa shati lililopigwa pasi mpaka mikunjo ikasimama. Kifuani alikuwa amebandika beji ya darasa la Jumamosi. Alipomwona Mwalimu wake aliinamisha kichwa kumsalimu, kama vile yeye ndiye amekuja kumtetea. Mama Bendeji alifungua makaratasi yake akayasoma bila kuona herufi hata moja.

Kinyozi akaapishwa. Mama Bendeji akamuuliza habari za safari, kisha za hospitali, kisha za maisha yake ya sasa. Pale katikati, dirishani, hakupagusa. Hakimu alimtazama kwa jicho la kushangaa. Mama Bendeji akakaa chini.

Wakili wa kampuni alikuwa mtu mpole wa sauti, wale ambao ukiwasikia unadhani wanakupa pole. Alisogea karibu na kizimba.

"Bwana, tunakuhurumia kwa yaliyokupata. Nina swali moja tu. Wakati huyu fundi anakuburuta, wewe ulikuwa umezimia, sivyo? Wala hakuna mtu aliyemwomba akuguse?"

Kinyozi akalamba midomo. Akamtazama Mama Bendeji, naye akainamia meza haraka, maana wakili hampi shahidi wake ishara, hata ya kope. Sema, aliomba kimoyomoyo, sema chochote lakini kiwe chako.

Kinyozi akafungua mdomo.

Nyuma ya chumba mtu akakohoa. Mara moja, kikavu.

Mdomo wa kinyozi ukafungika. Mama Bendeji hakuhitaji kugeuka. Aliona mabega ya mteja wake yakishuka, yale mabega ya mtu aliyefundishwa, na mara hasira ikampanda mpaka masikio yakawaka. Alikasirikia kile kikohozi, akajikasirikia na yeye kwa miaka yote aliyokifurahia. Alijikuta amesimama.

"Mheshimiwa, naomba mzee aliyekaa nyuma atolewe nje."

Watu wakageuka wote. Pale mahakamani hakuna asiyemjua yule mzee, kuanzia hakimu hadi mfagizi. Hakimu akavua miwani.

"Wakili, una hakika na unachoomba?"

"Nina hakika."

"Kwa sababu gani?"

"Shahidi wangu anamsikiliza yeye badala ya kusikiliza swali."

Hakuna aliyecheka. Hakimu alimtazama Mzee kwa muda, kisha akasema kwa heshima, "Mzee wangu, tusaidie, usubiri nje." Mzee akainuka. Ilimchukua muda, magoti yale. Askari alitaka kumshika mkono, akamkwepa. Fimbo yake ilisikika sakafuni mpaka mlangoni, na binti yake alisimama wima akitazama mbele, kwa sababu angegeuka angemkimbilia.

Mlango ulipofungwa, wakili wa kampuni akarudia swali lake. Kinyozi alivuta pumzi.

"Sikuzimia," alisema. "Nilimwambia anitoe. Nilimshika shati."

Mkewe alijifunika uso kwa mikono miwili.

Wakili wa kampuni alishtuka, lakini alikuwa mwepesi. "Kwa hiyo ulijitakia mwenyewe!"

"Nilijitakia kutoka kwenye basi linalovuja mafuta. Wewe ungekaa?"

Hapo watu wakaangua kicheko na hakimu akagonga meza. Wakili wa kampuni akanong'onezana na wenzake, na kabla ya mapumziko alisimama akaondoa madai yote dhidi ya fundi viatu, maana sasa alikuwa na mtu mwingine wa kumtupia lawama. Kinyozi ingemchukua miezi mingi ya mabishano na madaktari kabla hajapata haki yake, na mkewe angekaa muda wote huo bila kumsalimia wakili wao. Hayo yalikuwa bado mbele. Siku ile, fundi viatu alitoka mahakamani mtu huru.

Alitoka mbio, akamkuta Mzee kwenye benchi la ukumbini. Maskini, hakuelewa hata kidogo kilichotokea mle ndani. Alijua tu kwamba huyu ni baba wa Mwalimu. Akapiga goti moja, akaushika mkono wake kwa mikono yote miwili.

"Mzee, ahsante. Ahsanteni sana ninyi familia. Mmeniokoa."

Mzee aliutazama ule mkono wenye gundi iliyokauka kwenye kucha. Labda ilikuwa mara yake ya kwanza kumtazama mwenye mkono huo.

"Usinishukuru mimi," alisema. Fundi akadhani ni unyenyekevu, akazidi kushukuru, mpaka Mama Bendeji alipokuja akamwinua na kumwambia aende nyumbani akawape watoto habari njema.

Wakabaki wawili. Mama Bendeji alikuwa ameshika mkoba wake kifuani kama mtoto aliyeitwa na mwalimu mkuu. Alijua kuomba msamaha hawezi, kwa sababu angerudishwa mle ndani angefanya vilevile. Alisubiri agombezwe. Mzee hakuuliza kinyozi amejibu nini. Alipigapiga fimbo sakafuni, akaacha.

"Ulisema 'mzee aliyekaa nyuma'," alisema hatimaye. "Hukusema baba yangu."

"Ningetamka baba," alisema binti yake, "nisingeweza kumaliza kusema."

Mzee akaitikia kwa kichwa taratibu. Akanyoosha mkono ili ainuliwe. Binti yake akaushika.