Mkojo wa Mtoto wa Keumbu

Kosa langu la kwanza kazini lilikuwa kumwaga mkojo. Likizo ya Agosti nilipata kibarua cha kufagia chumba cha dharura katika hospitali moja ya Kisii, na asubuhi ya kwanza nikaona chini ya kitanda chupa yenye kitu cheusi kama chai ya jana. Nikakimwaga, nikaisuuza chupa, nikangoja kusifiwa.

"Iko wapi chupa ya huyu mtoto?" akauliza Sista Mkuu, mama aliyewatisha wauguzi tangu kabla ya Uhuru.

"Nimeiosha, Sista."

"Umeosha ugonjwa."

Mtoto alikuwa wa Keumbu, darasa la tatu. Mwalimu alimwadhibu kwa kumrusha kichurachura, akiruka amechuchumaa, kuzunguka uwanja mpaka akaanguka. Kesho yake mapaja yakavimba, kusimama hawezi. Daktari Msaidizi akabonyeza paja. Lilikuwa gumu kama muhogo mbichi, na mtoto akalia.

"Nadhani misuli imevunjika," akasema. "Uchafu wake huingia kwenye damu, ukaziba figo. Lakini malaria kali pia huleta mkojo mweusi. Maabara wangenipa tofauti. Sasa wapime nini?"

Hakuna aliyenitazama. Afadhali wangenitazama.

Daktari hakungoja. Akamtundikia maji ya chumvi, akamwagiza Sista asiache kupima mapigo ya moyo, maana chumvi nyingine hutoka kwenye misuli iliyovunjika na huweza kuusimamisha moyo. Mimi nikapewa chupa tupu.

"Kaa hapa. Akikojoa hata tone, niite."

Nikakaa. Maji yanaingia, hakitoki kitu. Nikamsimulia vichekesho vyangu vyote, vile vinavyovunja bweni zima mbavu, akanitazama tu. Macho yake yakaanza kuvimba. Mimi, Msabato wa Nyanchwa, nikamwomba Mungu mkojo, bila haya.

Alasiri akanong'ona, "Kaka, nataka."

Ulikuwa kidogo, mweusi. Nikaubeba kwa mikono miwili kama shemasi na divai. Maabara wakajibu: rangi ile si ya damu iliyoharibiwa na malaria. Ni misuli.

"Maji yaendelee," akasema Daktari Msaidizi. "Bado hajavuka. Tuombe mkojo uanze kuwa mweupe."

Wadogo zangu, ushauri wa mzee wa siku moja kazini ni huu: usioshe chupa ya hospitali kabla ya kuuliza.

Jioni nyumbani nilimkuta mama akimenya ndizi. Nikamweleza yote, nikamalizia kwamba kazi ile nimestaafu.

Hakuinua kichwa. "Mtoto wa watu amelala huko na sindano mkononi, wewe umekuja kustaafu? Kesho uende. Na hivyo viatu viache nje."