Fundi Asiyeuliza

Konrodi, ule mkono wa chuma unaoshika pistoni, ilitoboa injini ikatoka nje tukiwa barabara kuu, kati ya Shakopee na Saint Paul, binti yangu amekaa kiti cha nyuma na gauni lake la harusi. Kwanza nilisikia kugonga huko mbele, ko, ko, ko, kama mtu anabisha hodi. Kisha kishindo. Oili ikaruka hadi kioo cha mbele, moshi ukaingia ndani, nikaliserereza gari hadi pembeni bila kuona vizuri. Nyuma yetu kulikuwa na msafara wa ndugu wa kanisa letu la Wakongomani, na wote waliendelea kupiga honi za shangwe. Walidhani moshi ni sehemu ya sherehe. Mama mmoja alitoa kichwa dirishani akapiga kigelegele.

Binti yangu alishuka, pindo la gauni likagusa oili. Nikamwambia pole, mwanangu. Akanijibu kwa Kiingereza, kama kawaida ya vijana wetu wa hapa, kwamba ni gari tu. Akapanda gari la mjomba wake, lile la kubebea watoto, lenye milango ya kusukuma. Huyo mjomba ndiye ninayeandika habari zake hapa. Ni kaka wa mke wangu, shemeji yangu, shemasi wa kanisa, mtu asiyekosa neno la kusema.

Gari tu. Sawa. Lakini mimi kambi ya wakimbizi sikuichagua, na nilikaa humo miaka kumi na minne. Minnesota sikuichagua, afisa alisoma kwenye karatasi, nikapanda ndege. Kazi ya ghala kule Shakopee sikuichagua, niliambiwa basi la wafanyakazi linaondoka saa fulani. Gari lile nililichagua mwenyewe. Lilikuwa la Mmarekani mmoja tuliyefanya naye zamu: milango miwili, pua ndefu, injini ya silinda nane, moja ya yale magari ya zamani waliyotengeneza vijana wao washindane mbio. Na injini ilikuwa ileile iliyotoka nayo kiwandani, namba za bloku yake, kile chuma kikubwa chenye silinda, zinakubaliana na za bodi. Aliyeniuzia alinishika bega: "Fanya lolote, ila bloku hiyo usiipoteze. Nyingine ya gari hili haipo duniani." Nilimwelewa. Nilikuwa nimekwisha poteza vingi ambavyo vingine kama hivyo havipo duniani.

Injini ilikuwa imechoka. Ilikula oili, ilitoa moshi wa bluu. Ilibidi ifumuliwe yote, ijengwe upya, irudishiwe nguvu zake, na niliapa kwamba binti yangu ataingia kanisani kwa gari hilo. Kazi hiyo hapa ina watu wake. Siyo fundi wa kubadilisha breki. Ni mtu anayejenga injini za nguvu tu, anapima chuma kwa unene wa unywele. Kazini wakanielekeza kwa mzee mmoja Mzungu, upande wa Maplewood.

Kwetu mtu haendi peke yake kwenye jambo kubwa. Unachukua msemaji, kama unavyofanya siku ya kuposa. Nikamchukua shemeji. Kosa hilo ni langu, naliandika la kwanza ili asije akasema nimelificha.

Garaji ya yule mzee ilikuwa safi kama hospitali. Gari hakuligusa. Alikaa kwenye stuli, akachukua karatasi, akaanza kuuliza. Utaliendesha wapi, barabarani au kwenye mashindano? Giaboksi ya mkono au otomatiki? Difu ya nyuma, ile inayozungusha magurudumu, ina meno mangapi? Utatia petroli gani? Nilipomtajia harusi akauliza: kutoka wapi hadi wapi, barabara ya mtaa au haiwei, na mwendo gani? Halafu akasema nisubiri miezi minane, kwamba bolti zote za ndani atatia mpya, na kabla ya kunirudishia ataifunga injini kwenye mashine aiendeshe hapohapo aone kama inashika.

Tulipotoka, shemeji alicheka hadi akashika usukani kwa mikono miwili.

"Shemeji, umeona huo mtihani? Fundi ni yeye ao ni wewe?"

"Anataka kujua tu."

"Kujua nini? Munganga anamuuliza mgonjwa jina la dawa? Fundi wa kweli anasikiliza motere, basi! Huyu hajui kazi. Anataka umufundishe, halafu akulipishe masomo."

Na mimi nilicheka. Sitasema uongo. Kule kwetu Uvira, Kongo, fundi aliyeheshimiwa aliweka bisibisi juu ya injini, akategea sikio kwenye mpini, akakuambia ugonjwa kabla hujafungua mdomo. Anayeuliza aliitwa mwanafunzi. Nilivuka mpaka mara mbili na fikra hiyo kichwani, mzigo pekee ambao hakuna askari aliyeninyang'anya. Bahati mbaya.

Shemeji akanipeleka kwa fundi wake, ndugu wa kanisa, aliyekodi chumba nyuma ya duka la matairi. Huko nyumbani alikuwa mtu wa malori ya dizeli, na kwa malori sina neno naye.

"Mukubwa, usiseme kitu," akaniambia. "Niache nisikie mwenyewe."

Akaweka bisibisi, akafumba macho. Shemeji naye akafumba macho, sijui alikuwa akisikia nini.

"Silinda ya tano. Na ina njaa. Wiki sita."

"Unaona?" shemeji akanipiga mgongoni. "Hakuuliza hata jina la gari!"

Jumapili iliyofuata alisimama mbele ya kanisa zima akatangaza kwamba tumepata mjenzi wa injini humuhumu ndani, hatuna haja ya kupigia wageni magoti. Watu wakapiga makofi. Baada ya hapo ungethubutu vipi kumwambia yule fundi: nionyeshe bolti ulizonunua, nipe karatasi ya vipimo? Ungekuwa umemtukana ndugu, na umelitukana kanisa pamoja naye.

Siku injini ilipowaka, madirisha ya duka la matairi yalitetemeka. Alikuwa ametia vyuma vya mashindano. Mchungaji akapaka boneti mafuta, akaomba. Kila mtu alifurahia ile sauti, nami zaidi ya wote, kwa sababu hakuna aliyejua kwamba sauti si kipimo.

Baada ya harusi nililipeleka gari kwa yule mzee wa Maplewood, juu ya lori la kuvuta. Alifungua, akapanga bolti za konrodi kwenye karatasi nyeupe, moja moja. Za zamani zote. Zilikuwa zimerefuka kama ubani uliotafunwa. Kwenye bloku kulikuwa na tundu la kupitisha ngumi.

"Alikuuliza difu ina meno mangapi?"

"Hapana."

Akafuta mikono polepole. Akanieleza kwamba kwa difu ile, ukikaa haiwei, injini inazunguka kwa kasi ya kupiga kelele njia nzima, na hii ilijengwa kwa mbio fupi, kwa bolti zilizochoka. "Na hiyo haiunganishiki," akasema, akionyesha tundu. Hakunicheka. Angenicheka ingekuwa nafuu.

Nikampigia yule fundi simu.

"Mukubwa, hukuniambia kama utaenda haiwei!"

"Uliniuliza?"

"Mimi ni mutu wa kuuliza?"

Sasa yuko Iowa, anafumba macho juu ya injini za watu wengine. Namtaja naye, lakini yeye alifanya kile alichokijua. Shemeji yangu hakujua chochote. Hajawahi kubadilisha hata plagi. Na jioni ileile ya harusi, oili ikiwa bado kwenye mashati yetu, alishika maikrofoni akashukuru Mungu aliyetuepusha na ajali mbaya. Kuhusu aliyetutafutia ajali hakusema kitu.

Sasa kamati ya kanisa imenituma mtu. Eti tusameheane, eti mtu mzima analilia chuma. Pesa sidai, ziwekeni. Ninachodai ni hiki: asimame palepale aliposimama Jumapili ile, mbele ya walewale waliopiga makofi, aseme alijua nini kuhusu injini hata akamcheka mtu aliyeijua. Sitaki aombe, sitaki asome Maandiko. Shemeji, bloku ile ilikuwa moja duniani, na ni wewe uliyenitoa mlangoni mwa mtu ambaye angeitunza. Kwa elimu gani? Simama, ujibu.