Mdoe Aliyewaigiza Wafu

Ukitaka kumjua Mdoe, Mzigua wa Handeni aliyehamia Mnyuzi, ungekwenda msibani. Wanyamwezi waliokuja kukata mkonge walikuwa watani wake, na akifa mmoja wao, yeye ndiye aliyelala mkekani akijifanya maiti: akakohoa kama marehemu, akadai ugali wake, akamtukana mjane mpaka mjane akacheka huku machozi yakimtoka. Mtani haruhusiwi kukataa wala kukasirika. Hata manyapara walilijua hilo.

Vita vya Bama, vya kupigana na Wajapani, vilipokwisha, askari wa Keya, jeshi la Mwingereza, walirudi wazima wa kutazama tu. Mmoja alijificha chini ya kitanda kila treni ilipopita. Serikali iliwapa makoti na asante, basi. Kuwaangalia je? Ah, wapi! Aliyewaangalia ni Mdoe. Kila Jumapili mchana aliwakusanya nyuma ya kambi ya manamba, akawataka wamwonyeshe yaliyowapata, naye atakuwa majeruhi, Mjapani, hata nyumbu wa mizigo. Walianza kwa kucheka, wakamaliza kwa kulia, na wengine, wallahi, walipona. Yule wa chini ya kitanda alifikia kusimama stesheni akila muhogo wake, treni inaingia.

Mmoja tu hakuja: Filemoni, Mnyamwezi, aliyekwenda vitani pamoja na Salimu, mtoto pekee wa Mdoe na mkewe Mwantumu. Filemoni alirudi peke yake, akasema Salimu amekufa kwa homa. Tangu hapo akimwona Mdoe hubadili njia. Akakonda, usingizi ukamkataa, mpaka mkewe Grasiana akaja kwa Mdoe kulia. Mdoe alimhurumia kijana, lakini tusidanganyane: alitaka pia kusikia habari za mwanawe, hata neno moja. Akamfuata kwenye mkonge, na mbele ya wakataji wote akamkumbusha kuwa mtani hakatai. Filemoni akaweka kisu chini.

Jumapili ile Mdoe alilala majanini, akijifanya majeruhi. Filemoni akambeba mgongoni, akatembea, akaanguka naye.

"Salimu, nyamaza," akasema. "Wako karibu. Watatusikia."

Akamziba mdomo na pua kwa kiganja, akakandamiza. Pumzi zikamwishia Mdoe, ndipo akaelewa kuwa homa haikuwapo. Mwanawe alikufa hivi hivi, chini ya kiganja hiki hiki. Angeweza kukiuma. Angeweza kuinuka na kumkaba yule mtu. Lakini alikwishajitia mwenyewe katika utani, watu wanatazama. Akalegeza miguu, akafa kama alivyotakiwa, na Filemoni akalia hadi alasiri.

Wiki ile Filemoni alilala. Akaja na Grasiana na kuku wa shukrani, uso umemng'aa.

"Shikamoo mzee. Nimelala, mzee wangu. Mungu akulipe."

Majirani walijaa uani wakingoja jibu la mtani. Moyo wa Mdoe ulikuwa nyongo tupu. Akasema tangu lini Wanyamwezi wakajua kazi nyingine zaidi ya kulala. Uani wakaangua kicheko, Filemoni kuliko wote. Mdoe akapokea kuku, akaingia ndani.

Mwantumu alikuwa akichambua mboga. Akamwuliza kama kijana ameeleza lolote juu ya ile homa ya mtoto.

"Ilikuwa kali," Mdoe akamjibu. "Lakini mwenzake alikuwa naye mpaka mwisho."