Hodi kwa Mbega

Juzi askari wa msitu alimfukuza binti yangu kando ya mto Mkondoa, eti kakata ukindu wa mkeka. Alimwambia, "Mama, siku hizi huu msitu wa watalii!" Nikamkumbuka bibi, na alasiri moja ya utoto wangu aliponipeleka kukata ukindu.

Alasiri ile palinuka tope na makuyu yaliyooza. Bibi alisimama ukingoni mwa msitu, akapiga hodi. Mbega wakanguruma juu ya mikuyu.

"Wametukaribisha," akasema. "Kata wa mkeka mmoja tu, mjukuu wangu. Unaobaki wao."

Niliamini mbega ndio wenye msitu. Leo najua walikuwa wakitufokea tu. Hata hivyo, kesho narudi na mwanangu, na hodi tutapiga. Askari akiuliza nani katuruhusu, nitamwambia atazame juu.